Friji Namba Kumi na Saba

Ndiyo, ni mimi. Ile kompyuta kubwa ya kusomea maradhi ya muhogo, ambayo kwa miaka sita ilikuwa ndani ya leja ya serikali kama friji, niliiandika mimi kwa mkono wangu, bila kulewa na bila kutumwa. Naanza na hilo kwa sababu vijana wa kamati ya kuniaga waliniomba kurasa chache za kuwaachia wanaobaki kazini, halafu mmoja wao akanivuta kando akasema, Muzee, lile la friji liruke, andika mambo ya kujenga. Usafi wa stoo, kuwahi kazini, kupanga makopo. Makopo nitayafikia. Lakini mtu aliyetumikia kituo kimoja zaidi ya miaka thelathini hapangiwi pa kuanzia.

Nambi, wewe unayeshika funguo za stoo sasa, haya ni yako kuliko ya mwingine. Shule yangu iliishia darasa la tano. Ukikuta sentensi imekata kona ikapotea, isubiri, itarudi.

Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa askari, Mwislamu kutoka Arua, na mama Mkatoliki wa huko huko. Nyumbani tulifunga Ramadhani na tukala Krismasi, na sikumbuki mtu aliyelalamika, hasa kuhusu Krismasi. Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili, ndiyo maana naandika hiki. Luganda nakiongea vizuri, ila nikikiandika watu wanashika tumbo kwa kucheka. Baada ya vita vya themanini na sita, baba alikuwa upande ulioshindwa, na kuongea Kiswahili barabarani Kampala ilikuwa kama kuvaa magwanda. Watu walishika mifuko yao. Siku moja sokoni Owino niliuliza bei ya shati kwa Kiswahili, yule mama akaanza kukunja mashati yote kana kwamba mvua imekuja. Kwa mwaka mzima nilinunua vitu kwa kunyoosha kidole.

Katika hali hiyo ndipo nilipofika kwenye kituo chetu cha utafiti wa mimea, upande huu wa kuelekea Nateete, kutafuta kazi ya kubeba. Mtunza stoo alikuwa Mzee Lubega, Muganda mwembamba mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Aliniuliza swali moja tu, kama naogopa panya. Nikamwambia panya ndio wanaoniogopa mimi. "Lajabu, ingia," akasema. R na L kwake zilifanya kazi kwa zamu, na mimi Rajabu niliitwa Lajabu mpaka alipostaafu.

Ndani, vita vilikuwa vimepita. Nusu ya paa haikuwepo. Darubini zilikuwa hazina vioo, mizani haina sahani. Kitu kizima kilikuwa sanduku moja la vichupa vya kupimia, mamia, hakuna hata kimoja kilichopasuka, kwa sababu waporaji hawakujua vinatumika kwa nini. Asubuhi ile nilitoa mavunjiko nje mpaka jasho likanichuruzika. Saa sita Mzee Lubega akatoka na leja, akaniamuru nirudishe yote ndani. Vitu vyote vile, aliniambia, viko kwenye leja, kwa hiyo vipo. Havijavunjika mpaka leja iseme vimevunjika. Tukakaa tukaviondoa kimoja kimoja, kwa kalamu, kwa miezi. Nilidhani ananitesa. Kumbe alikuwa ananisomesha, na hiyo ndiyo sekondari yangu.

Somo lake kubwa lilikuwa hili. Leja ina kurasa, na kila ukurasa una aina ya kitu: ngazi, ndoo, mizani, friji. Kitu kisicho na ukurasa hakipokelewi, hakitengenezwi, hakipewi hata balbu. Siku moja wakulima wa Luweero walituletea mbuzi wa shukrani. Mbuzi hana ukurasa. Akakaa amefungwa nje ya mlango siku tatu, hana maji, kwa sababu ndoo ya serikali huwezi kumpa mnyama asiyekuwepo. Siku ya nne Mzee Lubega akavaa miwani, akamwandika kwenye ukurasa wa vifaa vya kukatia majani. Mbuzi akapata ndoo, akapata kamba, akapata na banda. Na majani aliyakata. Wakaguzi walipokuja walimkuta kazini.

Sasa makopo. Makopo ya dawa yapangwe kwa tarehe, la zamani mbele, na lisimame juu ya ubao, sio juu ya saruji, maana saruji inakula chini ya kopo kimyakimya. Gunia usiliamini mpaka ulichome kwa waya. Namba ya kitu ipake kwa rangi nyeupe ya mafuta, mara mbili, mgongoni na chini, mwizi husahau chini. Funguo zifunge kwa kamba ya kiatu cha jeshi, haipigi kelele na haikatiki. Kuhusu nilivyopandishwa cheo Mzee Lubega alipostaafu sina la kusema, cheo hakina harufu. Stoo ina harufu, na siku niliyobaki peke yangu ndani yake na leja nilikaa juu ya kiti chake nikaogopa.

Ni miaka mingi baadaye, simu za mkononi zimeshajaa mjini na boda boda zimeshajaa barabarani, ndipo alipokuja Daktari Akello. Si daktari wa kuchoma sindano. Alikuwa amesoma ng'ambo sayansi ya kusoma viumbe kwa kompyuta. Wa kwanza kunieleza kwa lugha ya mtu alikuwa yeye, amekaa juu ya gunia la mbolea: kila kilicho hai, muhogo, nzi, hata wewe Muzee, ndani yake kumeandikwa maandishi marefu ya herufi nne tu. Ugonjwa una maandishi yake, na muhogo unaoukataa ugonjwa una mahali fulani ambapo umeandikwa tofauti. Kazi ni kupatafuta mahali hapo. Macho ya mtu hayawezi, herufi ni nyingi mno. Ndipo inapokuja mashine.

Mashine ilikuja. Kabati jeusi, refu kunishinda, limejaa taa ndogo za kijani. Lilikuja na fundi wake, Wanjala, Mkenya wa Bungoma, Mkristo wa kusali hata akifungua skrubu, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Walipewa chumba kilichokuwa cha kukaushia mbegu, kikafungwa kiyoyozi kwa sababu mashine hiyo ikipata joto inakufa. Siku ya uzinduzi alikuja mkubwa kutoka wizarani, na msafara, na hema, na viti vya plastiki vya kukodi. Akasema serikali inaunga mkono sayansi hii mpya na kwamba Uganda haitabaki nyuma. Tukapiga makofi. Akakata utepe. Umeme haukuwepo, kwa hiyo alipiga picha na mashine ikiwa imezimika, na kwa haki ya Mungu, pichani huwezi kujua.

Hesabu ya kwanza ya Daktari ilitakiwa kwenda siku kumi na nne bila kusimama. Siku ya kumi na moja umeme ukakatika. Betri zake zilikuwa za robo saa, umeme ulikatika kutwa nzima. Na hesabu ile, kwa mashine yetu ya wakati ule, ikikatika haikumbuki ilipofika. Inarudi mwanzo. Daktari hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya stoo yangu, akala karanga zote zilizokuwa mfukoni, akainuka akaianza upya. Ya pili ilikatika siku ya sita. Ya tatu, siku ya kumi na tatu. Siku hiyo Wanjala alisali bila kufungua skrubu hata moja.

Jenereta tulikuwa nayo, nzuri tu, inanguruma nyuma ya jengo. Lakini kulikuwa na waraka kwamba jenereta ni ya friji peke yake, zile zinazotunza dawa na miche inayooteshwa ndani ya chupa. Daktari aliandika barua tatu kwa ofisa wa majengo. Jibu likaja kwamba kompyuta ni kifaa cha ofisi, iko fungu moja na mashine ya kuchapa, na mashine ya kuchapa haijawahi kuhitaji jenereta. Jibu lenyewe lilikuwa limechapwa kwa kompyuta. Mimi nikaenda kwa miguu yangu kuomba ukurasa mpya kwenye leja, mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa ombi litajadiliwa. Mara ya pili niliulizwa nimesoma mpaka wapi.

Jumatatu asubuhi nikafungua leja kwenye ukurasa wa friji. Mstari uliokuwa wazi ulikuwa wa kumi na saba. Nikaandika: Friji, nyeusi, kubwa, ya kusimama. Hali: inafanya kazi. Nikachukua rangi nyeupe nikapaka namba mgongoni na chini. Nikamwita fundi umeme wa kituo. Akasoma leja, akasoma namba, akaunganisha waya wa jenereta. Hakuuliza kitu. Mtu mwenye nidhamu.

Daktari alipoingia akaiona namba. Akaitazama muda mrefu.

"Muzee Rajabu, hii ni friji?"

"Daktari, chumba chake ni cha baridi?"

"Ni cha baridi."

"Na ikikosa umeme, kilicho ndani kinaoza?"

"Kinaoza."

"Basi mimi sioni kosa."

Hesabu ikaenda siku kumi na nne, ikaisha. Kuanzia hapo ikawa kazi. Vijana wakaanza kuja kujifunza, kwanza wawili, halafu watano, wanakaa kwenye viti vya kukopa kutoka maktaba. Wakaguzi walikuja kila mwaka, nikawaingiza kwenye chumba cha baridi, wakasikia mngurumo, wakaona namba, wakatia alama. Mmoja aliweka soda yake juu ya mashine akaenda kuhesabu ngazi. Aliporudi akalalamika imepata moto. Nikamwambia, ssebo, bwana mkubwa, ni friji ya zamani. Akaandika kwenye safu ya maelezo: ya zamani, haipoozi vizuri. Nikacheka peke yangu siku nzima. Nikumbusheni hapo nilipocheka, maana ndipo nilipojikata.

Feni za mashine zilipokufa hakukuwa na za akiba, na kuagiza kupitia wizara ni kusubiri uzee. Mimi na Wanjala tukaenda Owino, ndani kabisa, kupita nguo, kupita viatu, mpaka kwa watu wanaouza matumbo ya vyombo vya umeme. Wanjala akazizungusha feni kwa pumzi, moja moja, akisikiliza kama anayenunua redio. Alizikataa kumi, akachukua mbili. Moja bado inazunguka. Mnaosema sayansi hii ni ya wazungu, nendeni mkaisikilize.

Halafu ni dada yangu Amina. Yeye yuko Arua, analima muhogo, na muhogo ndio chakula cha kule, si kitafunio cha barabarani. Mwaka mmoja alipiga simu. Majani ni mazuri, akasema, kijani kibichi, lakini anachimba na ndani mzizi ni kahawia, umekauka kama ubao, hata nguruwe hataki. Shamba lote, na la jirani, na la jirani yake. Akanitumia vipande kwa basi, vimefungwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Nikampelekea Daktari. Akakata kimoja, akaniambia huu ndio ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na kwamba alikuwa anausubiri ufike kule huku akiomba usifike. Akauliza kama shambani kwa Amina kuna shina hata moja lililobaki zima katikati ya yaliyooza. Yalikuwepo manne.

Hayo manne, na mengine ambayo vijana walizunguka kuyatafuta kaskazini yote, ndiyo yaliyoingia kwenye hesabu kubwa kuliko zote, ya siku thelathini. Mashina mazima dhidi ya mashina yaliyooza, herufi kwa herufi. Nakala za akiba za herufi zenyewe zilikuwa nusu tu. Diski za kunakilia nusu nyingine ziliombwa, na ombi lilikuwa safarini. Mashina yenyewe yalikuwa yameshasagwa. Kama mashine ingepotea, kazi yote ingerudi shambani kutafuta upya, na shambani kulikuwa kunakwisha.

Siku ya kumi na tisa ya hesabu hiyo, saa nne asubuhi, lori likaingia getini. Lilitoka wizarani, Nakasero, na ofisa kijana, Bwana Tumwine, mpole, shati limepigwa pasi, na polisi mmoja wa makamo, sajini, Kiswahili chake cha kambini kama changu. Walikuwa na orodha. Serikali inaondoa friji za zamani nchi nzima kwa sababu gesi yake inaharibu anga, zinakwenda kupondwa, na zitaletwa mpya. Kila iliyoandikwa ya zamani au haipoozi vizuri ibebwe. Kwetu zilikuwa saba. Sita zikapanda lori. Ya saba ilikuwa namba kumi na saba.

Daktari hakuwepo. Alikuwa Nakasero kwenye wizara hiyohiyo, amekaa kwenye korido tangu asubuhi, ameenda kuomba msaada wa diski.

Nilimwambia Bwana Tumwine aache hiyo. Akasema kwa adabu kwamba akirudi na sita wakati orodha inasema saba, watasema ya saba ameiuza. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningeibeba. Wanjala akanivuta nyuma ya mlango.

"Mzee, si kuna ile friji ya kantini? Wewe chora kumi na saba, hawa watu wabebe, maisha iendelee. Rangi unayo."

Rangi nilikuwa nayo. Na mkono ulishaanza kwenda. Lakini mimi ni mtu wa leja. Namba kumi na saba ikipondwa, kwenye leja imekufa. Na ikifa kwenye leja, kesho yule fundi umeme mwenye nidhamu atakuja kukata waya wake, kwa sababu jenereta haipewi friji iliyokufa. Ningeokoa kabati na kuua hesabu. Uongo wa kwanza ulikuwa umelisha mashine miaka sita, wa pili ungeinyima chakula kabla ya kesho mchana. Hilo Wanjala hakuliona, kwa sababu yeye anajua kompyuta, mimi naijua serikali.

Nikatoka na leja nikaiweka juu ya bodi ya lori.

"Ssebo, hiyo ya saba si friji. Ni kompyuta ya Daktari. Niliiandika friji nikijua si friji, ipate umeme."

Bwana Tumwine akatazama pembeni. "Muzee, maneno kama hayo usiseme mbele ya polisi."

"Ndiyo maana nangoja asogee karibu."

Sajini akasogea kweli. Akaomba kuiona. Akazunguka kabati, akainama akaona namba ya chini, akauliza imeandikwa na nani, nikasema na mimi. Akauliza ikizimwa kinapotea nini. Nikamwambia siku kumi na tisa, na muhogo wa kaskazini. Akakuna shingo. Halafu akatoa daftari lake.

"Umedanganya leja ya serikali. Basi hii sasa ni ekzibiti, kitu ya ushahidi. Hakuna kubeba, hakuna kuzima, hakuna kugusa waya. Inabaki vile iko mpaka kesi iishe."

Akafunga utepe wa polisi kuzunguka kabati. Mpaka leo sijui kama alijua alichotufanyia au alikuwa anafuata sheria tu. Ofisa wa majengo alikuja akipiga kelele anataka kukata waya, sajini akamwonyesha karatasi, akamuuliza kama anataka kuharibu ushahidi wa polisi. Daktari aliporudi jioni, mikono mitupu, akaukuta ule utepe. Mashine ile ilipata tepe mbili maishani. Wa kwanza ulikatwa na mkubwa. Wa pili ndio uliosaidia.

Na kesi ya serikali mnaijua inavyotembea. Kabla hawajanipa hata tarehe ya kuitwa, siku thelathini zilikwisha. Hesabu ikafika mwisho, ikiwa chini ya ulinzi.

Nikaitwa Nakasero mbele ya kamati ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, sauti ya chini. Akaniuliza kama nakubali. Nikakubali. Akaniuliza kama najuta. Nikaomba anionyeshe kwenye leja ukurasa ambao ningeiandika mashine ile. Akaufungua mwenyewe, kwa haki. Akapita ngazi, akapita ndoo, akapita mapazia, toroli, ng'ombe wa maziwa. Akafika mwisho.

"Mama," nikamwambia, "ninyi mliiunga mkono kwa hotuba. Mimi nilitakiwa kuiunga kwa waya, na waya unafuata leja."

Wale wawili wakaguna. Yeye hakuguna. Akasema, "Kila mtunza stoo akijitungia leja yake, Muzee, hii serikali itabaki na nini?"

Swali hilo ni zuri. Nimelibeba miaka yote hii na sina jibu lake, na nawaandikia hivyo hivyo, sina. Ninachojua ni kwamba nisingeandika, hesabu isingeisha. Hayo mawili yakae pamoja, yagombane yenyewe.

Waliamua mambo matatu. La kwanza, leja ipate ukurasa mpya, Kompyuta za Utafiti, zenye haki ya jenereta. Nambi, huo ndio ukurasa wa arobaini na moja unaoufungua kila siku, sasa una mistari mingi mpaka unahitaji kushonewa karatasi. Mstari wa kwanza ni friji yangu. La pili, mimi nitolewe stoo, nipelekwe getini. La tatu, niandike barua ya kuomba radhi, na nikishaitia sahihi nirudishiwe funguo.

Barua waliichapa wenyewe kunirahisishia. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema mimi Rajabu niliandika kitu kisicho friji kuwa friji. Hiyo ni kweli, ningeitia sahihi nikiwa nimesimama. Ya pili ilisema nilifanya hivyo kwa kutokujua, kwa sababu ya elimu yangu ndogo.

Nikaiacha mezani.

Watu walinibembeleza. Wanjala alisema ni wino tu, mzee wangu, Mungu anaona moyo. Daktari alikuja mpaka nyumbani kwangu Nateete, akakaa, akanywa chai, akasema stoo inahitaji mtu na ni kwa sababu yake yamenipata. Nikamwambia kosa nalijua, nalimiliki, wanipe adhabu yake. Lakini kutokujua si kwangu. Watu pekee waliojua kitu gani kiko ndani ya kile chumba na kinakula nini tulikuwa yeye, Wanjala, na mimi wa darasa la tano. Hotuba nzima ilisomwa na watu ambao hawakujua. Kama kuna barua ya kutokujua, waizungushe huko juu, nitawapelekea mwenyewe.

Kwa hiyo nikawa mtu wa geti. Kazi ya geti ni kitabu kimoja: kilichoingia, kilichotoka. Niliandika vizuri. Niliwaandika vijana wa Daktari wakiingia na mabegi, kutoka Gulu, Mbale, Kasese, mmoja kutoka Bunia, mpaka nikawa najua nani amefika kwa hatua zake. Wengine sasa ni madaktari wenyewe na wananiita afande. Hesabu ile ilikuwa imeonyesha mahali pale palipoandikwa tofauti, lakini kutoka hapo mpaka kwenye shina la kupanda ni miaka ya kuotesha, kungoja, kuchimba, kutupa. Sikuihesabu. Nilikuwa getini, nakiona kila kinachotoka, na muhogo ulikuwa hautoki.

Siku yangu ya mwisho kazini, asubuhi, ofisa wa watumishi alishuka getini na faili langu. Ni mtu mwema, kijana, alitaka niondoke safi. Barua ilikuwa ileile, imegeuka rangi pembeni. Akasema hakuna tena wa kunidai kitu, ni faili tu linataka kufungwa, Muzee, weka sahihi, sentensi mbili. Nikamwambia hatujagombana na ile ya kwanza. Akacheka, akasimama palepale akiishikilia, akinisubiri nizeeke zaidi.

Hapo honi ikalia nyuma yake. Lori lilikuwa linashuka kutoka bustanini, limejaa vipando mpaka juu ya mbao, vimefungwa mafungu mafungu kwa kamba za mgomba, na juu yake amekaa mmoja wa vijana wa Daktari na karatasi za safari za Arua. Nikafungua kitabu. Nikaandika: Vipando vya muhogo, lori moja. Limetoka. Nikaweka saa, nikaweka jina langu lote. Kisha nikamwomba ofisa asogee kando, amesimama kwenye njia ya lori.